Beseni la Mwanzilishi

Mikono ya mume wangu imepigwa picha nyingi kuliko uso wake. Ukipanda ngazi za ofisi kuu ya Kampuni utaikuta ukutani, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu: viganja viwili vya kijana, vimekunjuliwa, vinametameta, na chini yake maandishi makubwa, SAFI NA SALAMA. Kichwa chake hakimo. Mpiga picha alikikata, akasema kichwa kingewachanganya wateja.

Kijana huyo alikuwa anauza petroli kwenye kituo cha kwanza kabisa cha Kampuni, na mimi nilikuwa mchumba wake. Siku hizo petroli ilikuwa inatiwa risasi, yale madini mazito. Sababu yake waliieleza vizuri sana. Injini za magari zilikuwa zinagonga, ko-ko-ko, kama mtu amefungiwa ndani anabisha atolewe, na wataalamu wakagundua kwamba ukichanganya risasi kidogo kwenye petroli, injini inanyamaza. Basi injini zikanyamaza, wakaanza kusema watu. Wengine walisema risasi ni sumu. Wengine wakasema kuna wafanyakazi wa viwandani, huko inakotengenezwa, wameanza kuona vitu visivyokuwepo. Mwanzilishi wa Kampuni alipoona maneno yamezidi, hakujibu. Alitafuta beseni.

Lilikuwa beseni la bati lililopakwa rangi nyeupe, na ukingo wa buluu. Alilijaza petroli mbele ya waandishi wa habari, akatazama huku na huku, macho yakaangukia mikono ya mchumba wangu. Alikuwa na mikono mizuri, sisemi uongo. Nilimpenda mikono kwanza, mengine yakafuata. "Kijana," Mwanzilishi akamwambia, "nawa." Akanawa. Akainua viganja juu, petroli ikakauka yenyewe kwa dakika chache, waandishi wakapiga picha, na mambo yakaishia hapo. Mwanzilishi mwenyewe alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni.

Tangu hapo mume wangu akawa Mikono Safi. Hata mama yangu mzazi, mkwe wake, alimwita hivyo. Kituo kipya kikifunguliwa mahali, Mikono Safi anaitwa anakwenda kunawa. Maonyesho ya biashara, anakwenda kunawa. Watoto wa shule wameletwa kujifunza, ananawa, na walimu wanapiga makofi. Kazi yenyewe ya kushika pampu aliendelea nayo, na gari la bosi likiishiwa njiani yeye ndiye aliyekuwa akinyonya petroli kwa mpira kutoka gari hili kwenda lile, akitema na kucheka. Nilikuwa nikimwambia harufu yake imeingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Akasema ndiyo harufu ya maendeleo. Hayo maneno alifundishwa ofisini, nyumbani kwetu hatuongei hivyo.

Sasa mikono ile inatetemeka.

Asubuhi ya ndoa yetu mume wangu alinimiminia chai, akasema hiyo itakuwa kazi yake mpaka tufe. Mpaka leo hataki niguse birika. Kifuniko kinalia kwe-kwe-kwe kuanzia jikoni, nakisikia kinakuja, nageuza uso kidogo nijifanye natafuta sukari ili asione kama natazama. Chai nyingine inafika kikombeni, nyingine inabaki kwenye sahani, nyingine inanywewa na kitambaa cha meza. Nakunywa ya kikombe, halafu ya sahani. Hatujawahi kulizungumzia, na sijawahi kuipenda chai kiasi hicho.

Daktari wa Kampuni ni mtu mpole, anajua ugonjwa mmoja tu: uzee. Alianza kumwambia mume wangu kuwa ni uzee wakati binti yetu bado ananyonya. Kila tukienda, anamshika viganja, anavigeuza, anatikisa kichwa kwa huruma, anasema, "Umri, ndugu yangu, umri." Nikamuuliza kwa nini umri umemwanzia viganjani wakati nywele zake zilikuwa nyeusi ti! Akanijibu kwamba kila mwili una safari yake. Nilitamani safari yake yeye ianzie mlangoni.

Tulichotaka kilikuwa kitu kimoja. Kuna daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, hospitali kubwa, hapokei mtu bila rufaa, na rufaa ya mfanyakazi wa Kampuni husainiwa na Kampuni. Kila mkurugenzi aliyekuja aliikalia. Wakisaini, mtu anaweza kuuliza ni nini kilichomharibu mikono mtu ambaye mikono yake imetundikwa ukutani.

Halafu akaja Mkurugenzi Mpya. Huyu ni wa kisasa, anaongea huku anatembea. Risasi ilishaondolewa kwenye petroli kitambo, dunia nzima, na yeye akaona Kampuni inaadhimisha mambo madogo madogo tu wakati jambo kubwa kama hilo limeachwa. Ikaandaliwa sherehe kwenye kituo kile kile cha kwanza: maonyesho ya historia ya petroli, hotuba, na mwisho kabisa Mikono Safi atanawa mara ya mwisho kabla ya kustaafu, bega kwa bega na Mkurugenzi mwenyewe. Mume wangu aliitwa ofisini. Akarudi uso umemng'aa.

"Mama watoto, amesema tukimaliza shughuli vizuri, atasaini rufaa."

"Amesema ataandika ni kwa sababu gani?"

"Zawadi ya kustaafu."

"Zawadi! Mikono yako mwenyewe unapewa zawadi?"

"Nakuomba," akasema. Akaweka kiganja juu ya changu, nikausikia ule mtetemo, kama redio ya jirani. "Ulimi wako naujua. Siku hiyo uache nyumbani."

Nikamkubalia shingo upande.

Siku yenyewe nilimfunga vifungo vya shati, nikamkunja mikono ya shati mpaka viwiko, tukapelekwa kwa gari la Kampuni. Kituo kilikuwa kimepakwa rangi upya. Pampu zilifungwa utepe. Waandishi walikaa mbele kwenye kivuli cha paa, na pembeni alisimama mtu wa zimamoto ameshika mtungi wake, ametoa macho utadhani sisi ndio moto. Harufu ya petroli ilikuwa kila mahali kama kawaida ya kituo.

Ubao wa kwanza wa maonyesho ulisema hapo zamani petroli ilikuwa uchafu. Watu walichimba mafuta wapate mafuta ya taa, na hiki kimiminika chepesi kinachowaka ovyo kilichotangulia kutoka walikuwa wanakimwaga. Ubao wa pili ulisema baadaye kiliuzwa kwenye maduka ya dawa, chupa ndogo ndogo, cha kutolea madoa kwenye nguo, na wenye magari ya mwanzo wakawa wanakwenda dukani kununua pale pale. Ubao wa tatu ulikuwa na injini inayogonga. Ubao wa nne ulikuwa na mikono ya mume wangu. Ubao wa tano ulisema PETROLI ISIYO NA RISASI: HATUA KUBWA KWA AFYA. Kati ya wa nne na wa tano hapakuwa na kitu, ila chungu cha maua.

Nilisimama pale nikitazama yale maua. Kilikuwa chungu kikubwa.

Koo likanikauka, nikaingia ofisi ya kituo kutafuta maji ya kunywa. Kwenye chumba cha nyuma nikamkuta Afisa Uhusiano, kijana mwenye tai nyembamba aliyekuwa akiendesha sherehe, ameinama kwenye bomba anajaza bakuli kubwa la kioo. Bakuli zuri, la kuwekea matunda kwenye nyumba za wenye nafasi. Karibu naye, juu ya meza, lilikuwa beseni la Mwanzilishi, ukingo wa buluu umebanduka banduka, limeshajazwa petroli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayo maji ya nani?"

Akatia tone la rangi ya manjano, ile ya keki, akakoroga kwa kijiko. "Ya Mkurugenzi. Usiseme huko nje, mama yangu. Sheria za usalama haziruhusu petroli iguse ngozi. Na bima nayo imekataa."

"Imekataa kwa Mkurugenzi."

"Kwa mtu yeyote, mama. Ni sheria mpya."

"Na mume wangu je? Hili beseni si lake?"

Kijana wa watu akanitazama kwa upole kabisa, bila hila hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata maini. "Ah, Mzee si ameshazoea."

Sikumbuki kama nilikunywa maji. Nilitoka nimeuma meno. Nikimwambia mume wangu, ataniona nimeuleta ule ulimi. Nikisimama kupiga kelele, sherehe itaharibika, na rufaa itakwenda na maji, tena yale ya rangi ya keki. Nikajiambia, ni mara moja tu, ya mwisho, atie mikono atoe, isainiwe, twende zetu hospitali. Nikakaa kwenye kiti changu cha mbele, mtandio nimeukunja mapajani mpaka ukawa kama kamba.

Mkurugenzi Mpya alipanda jukwaani. Alimvisha Mwanzilishi kilemba cha ukoka, akaivisha Kampuni, akaivisha petroli yenyewe. Halafu akafika panapohusika. "Ndugu waandishi," akasema, "petroli yetu ya zamani ilikuwa salama kabisa. Na hii ya sasa ni salama zaidi!"

Watu wakapiga makofi. Kitu kikishakuwa salama kabisa, hiyo zaidi inaingilia wapi? Hakuna aliyeuliza. Mwandishi mmoja tu, dada mwenye miwani mstari wa mbele, aliandika akapiga mstari chini.

Meza ikaletwa. Beseni la Mwanzilishi likawekwa kushoto, mbele ya mume wangu. Bakuli la kioo kulia, mbele ya Mkurugenzi, linang'aa na jua. Afisa Uhusiano akasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa tunashuhudia historia, zamani na sasa zikinawa pamoja.

Mkurugenzi akajitayarisha. Mume wangu hakujitayarisha. Alilitazama beseni, akatazama bakuli, akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji.

"Samahani wakubwa," akasema, na kipaza sauti kikawa kinatetemeka naye. "Mimi nimelelewa vizuri. Hili ni beseni la Mwanzilishi. Nimenawa humu miaka yote kwa sababu nilikuwa peke yangu. Lakini leo bosi wangu yupo. Siwezi kunawa kwenye beseni la heshima, halafu mkubwa wangu anawie kwenye bakuli la matunda. Wazazi wangu wangenishangaa."

Akaweka kipaza sauti chini. Akalishika beseni kwa mikono yake yote miwili. Petroli ikawa inacheza ndani, inaruka ukingo, mtu wa zimamoto akapiga hatua mbele, na mume wangu taratibu, kwa adabu zote, akaliburuta mpaka mbele ya Mkurugenzi. Bakuli akalivuta kwake.

Makofi yaliyopigwa hapo hayakuwa ya hotuba. Watu walisimama. Bibi mmoja nyuma yangu alisema, "Huyo ndiye mtu mzima." Afisa Uhusiano hakupiga makofi, rangi ilikuwa imemtoka mpaka kwenye tai. Mimi nilijiziba mdomo kwa mtandio, na sitasema nilichokuwa nafanya nyuma ya ule mtandio.

Mume wangu akachovya mikono kwenye bakuli. Akanawa anavyonawa siku zote, kwanza viganja, halafu kati ya vidole, halafu mpaka kwenye kifundo, kama alivyofundishwa na Mwanzilishi. Mkurugenzi alibaki amesimama. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka juu ya mdomo. Alikunja mikono ya shati upya, ingawa ilikuwa imekunjwa. Alivua saa. Alivua pete. Akaitazama ile petroli kama mtoto anavyotazama dawa chungu.

"Bosi," mume wangu akamwambia, kwa sauti ya kumtia moyo, "tia tu. Ni salama."

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo. Sasa... kwa leo, labda tuishie kwa wewe."

"Hapana bosi, wanasubiri picha. Inakuwa baridi kidogo tu, halafu inakauka, haina shida."

Kicheko kikapita kwa waandishi, kile cha watu wanaoanza kunusa kitu. Dada mwenye miwani akasimama. "Mkurugenzi, mbona hunawi?"

"Kuna taratibu," Mkurugenzi akasema. "Kuna taratibu za usalama."

"Zinasemaje?"

"Zinasema ngozi... mtu bila glavu... Jamani, hii ni petroli!"

Alilisema kwa nguvu, kama mtu anayekumbusha kitu ambacho wote tumekisahau. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, maneno yakapiga kwenye paa la kituo yakaturudia.

Mume wangu alikuwa amegeuka kumsikiliza, mikono ameiinua mbele ya kifua, vidole vimetanuka, anasubiri vikauke. Ndivyo alivyosimama kwenye kila picha. Petroli huondoka yenyewe, unasimama kidogo tu unaona viganja vimekuwa vyeupe, vikavu. Safari hii alisimama, na alisimama. Tone likamtoka kidoleni likaanguka kwenye kiatu. La pili likafuata. Akavitazama viganja. Akakisogeza kimoja kwenye ulimi, akaonja.

"Haya ni maji," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa kusema alifoka, ningefurahi, lakini hakufoka. Alimtazama Mkurugenzi, akalitazama beseni, akageuka nyuma kidogo kama anaitafuta ile picha yake kwenye ubao wa nne, halafu akanitazama mimi. Akaona kwamba nilijua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Dada mwenye miwani hakutaka kupoteza muda. Akamgeukia Daktari wa Kampuni, aliyekuwa amekaa mstari wa pili akila njugu. "Daktari, mikono ya Mzee inatetemeka kwa nini?"

Daktari akameza. Akamwangalia Mkurugenzi apate jibu, Mkurugenzi akaangalia mbali. "Umri," akaanza, kisha kamera zote zikamgeukia, na nadhani kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliona uzito wa lile neno. "Umri unaweza kuwa... mambo ni mengi. Ingebidi apimwe."

"Hajawahi kupimwa?"

Daktari akaangalia njugu zake.

Mkurugenzi alikuwa amemsogelea mume wangu, ameziba kipaza sauti kwa kiganja, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama, nilikuwa karibu, nikasikia. "Mzee wangu, rufaa nasaini leo. Sasa hivi. Waambie tu ulikuwa utani, mimi na wewe tunataniana."

"Saini, bosi," mume wangu akasema. "Lakini uandike na sababu."

"Tutaandika uchovu wa—"

"Sababu, bosi. Ileile iliyokufanya usinawe."

Mbele yake beseni la Mwanzilishi lilikuwa limetulia kabisa. Dada mwenye miwani alikuwa ameshafika mezani na kinasa sauti, wenzake nyuma yake, na Mkurugenzi akaona hakuna pa kupita. Akamwita Afisa Uhusiano, akamwambia alete fomu ya rufaa na kalamu. Nilimwona akiandika sababu, halafu akisaini.

Lakini hapo nilikuwa simtazami sana. Nilikuwa namtazama mume wangu. Bado alikuwa amesimama vilevile, viganja juu, anavuja maji mpaka viwikoni, shati limelowa, hajui aviweke wapi. Afisa Uhusiano, masikini, aliona hivyo akakimbia ndani kutafuta taulo. Akarudi mikono mitupu. Hapakuwa na taulo kituoni, wala kitambaa kwenye lile gari la Kampuni. Kwenye mabeseni yote aliyowekewa mahali kote alikonawa, hakuna aliyewahi kuweka taulo kando, maana haikuhitajika. Petroli yenyewe ilikuwa inajua pa kwenda.

Nikapanda jukwaani. Nikaukunjua mtandio, nikaichukua mikono yake yote miwili nikaizungushia, nikaanza kumkausha, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa inatetemeka ndani ya kitambaa. Sikugeuza uso.

"Ulijua," akaniambia.

"Nilijua. Uliniambia ulimi niuache nyumbani."

"Kesho," akasema, "utakuja nao hospitali."